Vumbi la Mirihi lipimwe kila siku, tena kutoka ardhini

Kwa maoni yangu, chombo chochote kinachotua Mirihi, hata kama kimepelekwa kuchunguza miamba au matetemeko, hakina budi kupima vumbi la hewani kila siku. Kazi yenyewe haidai mtambo mkubwa. Vigari vya Spirit, Opportunity na Curiosity viliifanya kwa kamera zilizowekewa vichujio vizito, ili ziweze kulitazama jua lenyewe. Mwangaza unaonaswa hulinganishwa na ule ambao ungefika iwapo anga lingekuwa safi, na hapo hupatikana kipimo kiitwacho tau. Jua likiwa utosini na tau ikiwa 1, takriban asilimia 37 tu ya miale hupenya moja kwa moja hadi chini. Mingine hutawanywa au kufyonzwa na vumbi.

Juni 2018 dhoruba iliizingira sayari nzima. Tarehe 10, Opportunity, kilichotegemea umeme wa jua, kiliwasiliana na Dunia kwa mara ya mwisho, na tau ilikadiriwa kuwa 10.8, kiwango ambacho hakiachi hata sehemu moja kati ya 40,000 ya miale ya moja kwa moja. Curiosity, kinachotumia nishati ya plutoniamu, kiliendelea kupima katika kreta ya Gale, ambako tau ilivuka 8, na ndicho pekee kilichobaki kikiitazama dhoruba ile kutoka ndani yake.

Wapo watakaosema kwamba setilaiti zinatosha. Ni kweli kwamba Mars Reconnaissance Orbiter imefuatilia vumbi tangu 2006, lakini dhoruba inapokuwa nzito, vipimo vyake vya joto na vumbi havifiki vizuri kwenye tabaka la chini kabisa, ambamo parashuti hufunguka na paneli za sola hufanya kazi.

Ugumu halisi, nionavyo, ni kutenganisha vumbi linaloelea na lile lililokwisha kutua juu ya kifaa, kwa sababu yote mawili hupunguza mwanga. Vihisi vya miale ya urujuanimno vya Curiosity vilizungushiwa sumaku ili kunasa chembe, na bado vumbi lilivifunika na kupotosha takwimu zake, likawalazimu wanasayansi kuzisahihisha kwa kutumia picha za jua. InSight, chombo kilichotua Mirihi kupima matetemeko, nacho kilizimika Desemba 2022 kwa vumbi lililorundikana kwenye paneli zake, si kwa giza la dhoruba. Ndiyo maana kamera ya jua na kihisi cha mwanga vinapaswa kusafirishwa pamoja: kimoja pekee hakiwezi kutuambia vumbi liko wapi.