Dunga: Mafunjo Kwanza, Geti Baadaye

Fika Dunga, kinamasi cha Kisumu kando ya Ziwa Victoria, alfajiri, kabla mashua za wavuvi hazijarudi, usimame kimya kando ya mafunjo. Utamsikia kabla ya kumwona: mmoja analia, mwenzake anaitikia. Huyo ni ndege aitwaye gonoleki wa mafunjo, mgongo mweusi, kifua chekundu kama damu, utosi wa manjano. Makao yake ni mafunjo. Yakifyekwa yote, hana pa kwenda.

Ndiyo maana roho inaniuma kila nikisikia mpango wa kufufua kinamasi ukianza na geti, vibanda na viti vya saruji. Tuanze na maji. Mifereji iliyochimbwa kukausha ardhi izibwe, mikaratusi ing'olewe, na taka za Mto Auji zizuiwe huko juu, mtaa wa Nyalenda, kabla hazijashuka. Mafunjo yenyewe hayahitaji kubembelezwa; yakipata maji na yasipochomwa, baada ya miezi kadhaa yanampita mtu kimo. Humo ndimo kambale huzaliana, na mizizi hiyo huchuja uchafu kabla haujafika ziwani.

Njia za miguu nazitaka, tena sana. Nendeni Saiwa, karibu na Kitale, hifadhi ya taifa tangu 1974. Humo gari haliingii. Unatembea juu ya mbao zilizoinuliwa kwenye matope, unapanda jukwaa, unamsubiri nzohe, swala wa kinamasi, atokeze pembe. Hujamkanyagia malisho wala hujamtisha.

Lakini njia isifike kila mahali. Katikati paachiwe viota.

Kuna mama mmoja anayesuka mikeka pale Dunga. Siku moja alinionyesha shina alilokuwa amelikata juu kidogo ya maji. Kando yake, kwenye mzizi, palikuwa na chipukizi la urefu wa kidole, kijani kibichi.

"Togo ukiikata vizuri inarudi, mwanangu," aliniambia, akiyaita mafunjo kwa Kijaluo. "Ukiichoma kila mwaka, inachoka."

Mtu kama huyu asifukuzwe kwa jina la kulinda ndege. Apewe sehemu yake ya kukata kwa zamu, na kabla ramani ya njia haijachorwa, aitwe yeye na wavuvi wa kambale waonyeshe ndege hutaga wapi. Watu wa hoteli waitwe baadaye. Na watoto wa Nyalenda waingie bure, kila siku, bila barua ya mwalimu wala ya chifu.