Kuba ya rada: nyuzi ndani ya kauri zinatusaidia nini hasa?

Kuba inayofunika antena ya rada puani mwa chombo chenye kasi kubwa, ambayo mafundi huiita redomu, imebebeshwa kazi mbili zisizopatana. Inatakiwa iwe ngumu ya kukabili upepo, mvua na joto, na papo hapo iwe kana kwamba haipo mbele ya mawimbi ya redio. Kwa ndege ya abiria si tabu, plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo inatosha. Tabu huanza kasi inapopanda. Hewa ikisimamishwa ghafla puani, mwendo wake hugeuka joto: katika anga ya juu, kwenye baridi ya digrii 56 chini ya sifuri, chombo kinachokwenda mara 3 ya kasi ya sauti hukutana na hewa ya takriban digrii 330 za sentigredi, na kikifika mara 5, takriban digrii 1,000. Hapo plastiki zote zimeshaaga. Inabaki kauri.

Kauri ipi sasa? Wapo wanaosimama na ile ya kipande kimoja, na wapo wanaoipigia debe ya mseto, yaani yenye nyuzi zilizofumwa ndani yake. Hawa wa pili huisifu bidhaa yao kwa neno moja, kwamba ni sugu kwa joto. Mimi naona wameshika sifa isiyo yao na kuiacha ile iliyo yao kweli.

Kauri ya kipande kimoja ina historia ndefu. Mwaka 1953, katika maabara za Corning nchini Marekani, Donald Stookey aliweka kipande cha kioo tanurini akikusudia digrii 600. Tanuri likapanda hadi 900. Alipokitoa kipande kilimponyoka, kikaanguka sakafuni, na hakikuvunjika. Ugunduzi huo wa kioo kilichogeuka fuwele ndio uliozaa kauri iitwayo Pyroceram, ikatumika kwenye pua za makombora na baadaye kwenye vyombo vya kupikia. Bakuli la jikoni na pua ya kombora, watoto wa tumbo moja.

Mpinzani wake mkubwa ni silika iliyoyeyushwa, yaani madini ya mchanga mweupe yaliyogeuzwa kioo. Chembe zake hukorogwa na maji zikawa uji, uji humiminwa katika kalibu ya plasta, plasta hunyonya maji na ganda hubaki limeshika kuta, kisha hukaushwa na kuchomwa. Ni ufundi wa mfinyanzi, ila kwa vipimo vikali zaidi. Silika hutanuka sehemu kama 0.5 tu kwa milioni kwa kila digrii moja, wakati alumina, kauri ya kawaida ya viwandani, hutanuka zaidi ya mara kumi ya hapo. Ndiyo maana unaweza kuitoa kwenye moto ukaitumbukiza majini isipasuke. Nguvu zake si nyingi, lakini moto wa ghafla hauitishi.

Nyuzi zinaongeza nini juu ya hapo? Mseto ulio wa kawaida zaidi kwa kuba hizi ni nyuzi za silika ndani ya silika. Malighafi ni ileile, na hulainika kwa joto lilelile. Tena nyuzi ndizo hudhurika kwanza: zikikaa muda karibu na digrii 1,000, huanza kugeuka fuwele na kupoteza nguvu. Kwa hiyo anayesema mseto huu unastahimili joto kuliko silika ya kumimina hana hoja. Kinachobadilika ni namna ya kufa. Kauri ya kipande kimoja ikipata ufa mahali padogo, ufa hukimbia hadi upande wa pili kufumba na kufumbua, na kuba nzima imekwisha. Katika mseto, ufa hukutana na uzi, hupinda, huuzunguka, uzi huchomoka polepole kutoka tunduni mwake, na nguvu ya pigo huishia humo. Kuba iliyogongwa na punje ya barafu hutoboka, lakini huendelea na safari. Hilo si jambo dogo hata kidogo, na ningekuwa muuzaji ningelitaja kabla ya neno joto.

Ila lina sharti: uzi usigande na kauri inayouzunguka. Silika ndani ya silika, ukiichoma sana, hushikana ikawa kitu kimoja, na hapo umerudi kwenye kauri ya kawaida yenye michoro ya kitambaa ndani. Ukiichoma kidogo, kauri iliyo kati ya nyuzi hubaki dhaifu na yenye vitundu. Basi fundi hulazimika kuilowesha kwa kimiminika cha silika, akaikausha, akaichoma, akarudia tena na tena, na kila mzunguko huingiza kidogo kuliko uliotangulia kwa sababu milango ya nje imeshaanza kuziba.

Wenzao wa injini za ndege walishavuka mto huu. Injini ya LEAP ya kampuni ya CFM iliingia kazini mwaka 2016 ikiwa na sehemu za kauri yenye nyuzi za kabidi ya silikoni, ambayo joto lake la kazi ni la juu sana. Kwa bahati mbaya kabidi hiyo hupitisha umeme kiasi cha kutosha kuyameza mawimbi ya rada, na nyuzi za kaboni ni vivyo hivyo. Fundi wa kuba anautazama ushindi wa jirani na hawezi kuuazima. Hata masizi kidogo yaliyobaki baada ya kuchoma mafuta yaliyopakwa kwenye nyuzi wakati wa kufuma yanatosha kuiharibia kazi.

Vitundu navyo huleta maji. Kipimo cha dielektriki, yaani namba inayoonyesha jinsi kitu kinavyolipunguza mwendo wimbi la redio, kwa silika ya kumimina ni kama 3.4. Cha maji, katika masafa ya chini, ni karibu 80, na kwenye masafa ya rada bado kiko juu mno. Vigae vya silika vya chombo cha Space Shuttle vilipaswa kudungwa dawa ya kuzuia maji upya baada ya kila safari, kwani joto la kurudi duniani liliiunguza ile ya mwanzo. Silika ya kumimina pia ina vitundu, nisiipendelee, lakini mseto kwa kawaida una vingi zaidi.

Kisha kuna unene, na hapa ndipo upande wa kipande kimoja una nguvu kuliko wao wenyewe wanavyosema. Kwa rada ya gigahezi 10, wimbi lina urefu wa milimita 30, na ukuta wa silika unaolipitisha vizuri wimbi linaloingia wimawima ni wa milimita 8 hivi. Ukuta ukikosea kidogo, au msongamano wake ukitofautiana kati ya ncha na kitako, wimbi hupinda na rada huona kitu mahali kisipokuwapo. Kipande kimoja hunolewa kwa almasi hadi kipimo kikae. Mseto pia hunolewa, lakini kila unapokwangua unakata nyuzi za juu, zilezile ulizozifuma zibebe mzigo. Nitridi ya silikoni, kauri nyingine ya kipande kimoja, huvumilia mvua vizuri kuliko silika, ila ikiwa imeshindiliwa kipimo chake cha dielektriki ni 7 hadi 8, ukuta unakuwa mwembamba zaidi, na nafasi ya kukosea inapungua nao.

Mahali ambapo mseto hausifiwi vya kutosha ni kwenye kiungo. Kuba lazima ishikane na mwili wa chuma, na chuma hutanuka, silika ni kama haitanuki. Invar, aloi ya chuma na nikeli isiyotanuka sana, iliyompatia Charles Édouard Guillaume Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1920, husaidia, lakini ikipita digrii 200 hivi uungwana wake hupungua. Kauri ya kipande kimoja haipendi kutobolewa, hivyo hutegemea gundi. Mseto unaweza kutobolewa na kufungwa kwa bolti, na tundu lisiwe chanzo cha msiba.

Kuba ikiwa ndogo, ya safari moja fupi, na rada yake inadai usahihi mkubwa, ningemimina silika bila kusita. Ikiwa kubwa, mseto unastahili gharama yake, kwa sababu ganda kubwa la kumimina hupenda kupasuka likiwa bado linakauka, na kazi ya wiki nyingi hugeuka vigae. Kwa zile za kati ningemwomba mtengenezaji kitu kimoja tu: vipimo vya dielektriki vilivyochukuliwa kwenye joto la kazi, kwa vipande vilivyokatwa kutoka ncha na kitako cha kuba yenyewe. Vipimo vya kibao bapa kilichopimwa kwenye meza ya maabara, katika joto la chumba, abaki navyo.