Bibi kasema hiyo ni mboga tu

Siku hizi nikiulizwa masta nasomea nini nasema "fasihi simulizi" nanyamaza, maana zamani nilikuwa najibu ukweli kwamba nafuatilia hadithi za wachawi na majani ya dawa huku Dodoma, basi wengine wanacheka, si uende tu Gamboshi, kile kijiji cha Usukumani kinachosifika kwa uchawi, wakupe cheti, wengine wanasogeza kiti. Shangazi yangu yeye aliniombea kabisa, kanishika kichwa palepale sebuleni mpaka chai ikapoa.

Sasa mi nina hoja moja tu. Majani na uchawi huwezi kuvitenganisha kwenye utafiti, na hawa wanaotaka tuvitenganishe ndo wanatupotezea vyote viwili. Supavaiza wangu wa kwanza alinishauri nitoe neno uchawi kwenye propozo niweke "maarifa ya mimea", ati itapita haraka, na kweli ilipita haraka. Halafu nikaenda fildi nikagonga mwamba.

Kijiji kimoja huko Chamwino, mwezi wa pili, mvua imekata, uwele umesinyaa shambani. Barua ya chuo ninayo, mtendaji kagonga muhuri, bodaboda kanishusha kwa bibi mmoja ambaye kila niliyemuuliza alisema ndo anajua. Mbukwenyi bibi, akaitikia vizuri, kigoda nikapewa. Nikatoa simu nirekodi, nikanyoosha kidole kwenye kichaka nyuma ya zizi, bibi hiki kinatibu nini? Akaiangalia simu, akamwangalia mkwe wake aliyekuwa anapepeta karanga, akasema, "Hiyo mboga tu, mjukuu wangu." Na kile pale? Mboga. Na ule mzizi unaoning'inia darini, mweusi kwa moshi? Mboga. Jamani, mzizi!

Nilimnunia moyoni, nakiri. Usiku ndo nikaelewa. Usukumani vikongwe wameuawa miaka na miaka kisa macho mekundu, na macho yenyewe yameiva kwa moshi wa kupikia kinyesi cha ng'ombe, na habari hizo hata huku zinafika. Kwa Kigogo muganga na muhawi ni watu wawili tofauti, huyu anaponya, yule anapanda fisi usiku, lakini ukikaa na watu utasikia kwamba wote wawili wanakijua kichaka kilekile. Tofauti ni nia tu, na nia haisikiki kwenye simu. Bibi mwenye akili timamu ataniambiaje anajua mizizi, mbele ya mkwe, sauti inarekodiwa, na mimi hanijui natoka wapi?

Sheria nayo imekaa hivohivo. Tuna ya tiba asili ya mwaka 2002 inayomtambua mganga na kumsajili, sawa, lakini ile ya uchawi ya 1928 aliyotuachia Mwingereza bado ipo, na tafsiri yake inamgusa hata mtu anayedai tu kuwa na elimu ya siri. Mwingereza mwenyewe ya kwao waliifuta 1951. Na tangu 2024 chuo kikuu cha Exeter kina masta ya mambo ya uchawi, watu wanalipa ada na kuhitimu, mi hapa naambiwa nibadilishe kichwa cha kazi.

Wenzetu wa botania wakija wanachukua tawi, wanalibana kwenye magazeti, wanaandika jina la Kilatini wanaondoka. Siwalaumu, ndo kazi yao. Ila hadithi inaachwa, wakati hadithi mara nyingi ndo yale maelekezo yanayobandikwa kwenye chupa. Tulipokuwa wadogo tuliambiwa ukivunja mnyaa jioni unaita nyoka. Nyoka hakuwahi kuja, lakini ule utomvu mweupe wa mnyaa ukikuingia jichoni utaomba kuzaliwa upya, na mtoto wa miaka minne hasikii habari za utomvu, nyoka anasikia. Au ule mwiko wa kuchimba mzizi upande wa mawio na upande wa machweo tu. Cheka ukipenda, ila mti uliochimbwa pande mbili unabaki hai na kesho utarudi kuchimba tena.

Na wala si Afrika tu. Yule daktari Mwingereza, William Withering, aliyeandika mwaka 1785 kuhusu kutibu ugonjwa wa kuvimba mwili kwa mmea wa digitali, alianzia kwenye dawa ya siri ya familia iliyokuwa kwa kikongwe mmoja wa Shropshire. Jina la daktari limebaki. La bibi yeye hakuliandika.

Sisemi kila mwiko una akili ndani, aa wapi. Ule wa mjamzito asile mayai mi sijaona faida yake zaidi ya mayai kubaki kwa wanaume. Mtafiti anayesifia kila alichosikia kwa wazee ananichosha kama yule anayekidharau, wote hawajasikiliza.

Siku ya tatu simu ilikuwa imezima, umeme hakuna, nikaenda kumuaga bibi tu. Akanipa ungo twende tukachume mlenda. Tukiwa tumeinama huko, mkwe yuko mbali, ghafla akaanza, huu wa kula, huu wa kula ila si wakati una homa, huu usiuguse na mkono wenye jeraha, huu alikuwa nao mama mmoja wakamsingizia mpaka akahama. Akamtaja na jina. Nilikuwa sina hata kalamu, nimesimama na ungo kama zezeta, narudiarudia kichwani nisisahau.

Natakiwa kurudi baada ya mavuno. Kaniagiza sukari kilo mbili, na simu niiache mjini.