Nakata Kizima Nishone Viraka

Jamani, hebu nisaidieni kufikiri. Mtu mzima, mwenye akili zake na miwani yake, anachukua kitambaa kizima, kizuri, hakina hata tobo, anakikatakata vipande. Halafu anakaa miezi saba akivishona vipande vilevile ili virudi kuwa kitambaa kizima. Mtu wa namna hiyo ukimkuta njiani unavuka upande wa pili. Basi mtu huyo ni mimi.

Nilianza kwa nia njema. Ndani kulikuwa na mfuko wa mabaki: mashati yaliyokwisha kola, gauni lililomkataa mwenyewe, shuka iliyopasuka katikati. Nikasema badala ya kutupa, nitashona mfarishi. Juu viraka, chini bitana, katikati pamba, tabaka zote tatu zinashikwa kwa mishono zisicheze. Tena bure! Kumbe mfuko mzima ulikuwa kijivu na maji ya kunde. Nikaenda kununua nyekundu, kidogo tu. Nyekundu ikataka njano ya kuichangamsha. Njano ikawaka mno, ikabidi itafutwe buluu ya kuipoza. Leo mifuko iko minne, na ule wa kwanza, wa mabaki, umejaa vilevile kama siku ya kwanza.

Mama Asha aliniangalia nikiingia na mfuko wa nne, akauliza kwa upole kabisa, "Baba Asha, kwani mablanketi yamekwisha madukani?"

Sikumjibu. Angejuaje kwamba kazi hii si ushonaji, ni hesabu? Tena hesabu ile ngumu, ya kudai robo inchi. Kila mshono wa viraka unatakiwa ukae robo inchi kutoka ukingoni, yaani milimita 6 na ushei. Ukitaka mraba wa sentimita 10 unakata wa sentimita 11 na milimita 3 hivi, na hiyo ziada inamezwa na mishono. Mimi nikaona nisijitese na rula. Nikaulaza ukingo wa kitambaa sawa na ukingo wa mguu wa cherehani, nikajua hapo ndipo robo inchi. Nani alinidanganya? Mguu wa cherehani yangu una milimita 8. Ziada haifiki hata milimita 2, utasema, nani ataihesabu? Mfarishi wenyewe utaihesabu. Kila mshono una pande mbili, kwa hiyo kila mshono unakula milimita 3 na ushei zisizo zake. Nilikuwa na safu 22 kwenda chini, mishono 21. Piga hesabu mwenyewe, maana mimi niliipiga nikiwa nimechelewa: karibu sentimita 7 zimeliwa na hakuna aliyeniaga. Wanasema haba na haba hujaza kibaba. Kwangu ilikikomba.

Halafu kuna kufumua. Hakuna aliyenionya kuhusu kufumua. Kuna kichuma kidogo chenye ncha mbili, moja kali na moja yenye kijidonge chekundu, ndicho kifumulio, na nakiapia kimefanya kazi kuliko sindano. Unashona kiraka, unakigeuza, unakuta ua limesimama kichwa chini miguu juu. Unafumua. Unashona tena, safari hii umeunganisha upande wa nje na upande wa ndani. Unafumua. Kuna usiku mmoja nilishona safu nzima, mita na ushei, nikipiga mluzi, naona mkono wangu siku hiyo umebarikiwa. Nikainua kitambaa, viraka vikaanguka kimoja kimoja kama majani makavu. Bobini, ile ya uzi wa chini, ilikuwa imekwisha uzi tangu kiraka cha pili. Angalau hiyo haikuhitaji kufumuliwa.

Na mkasi! Mkasi wa kitambaa ni wa kitambaa. Karatasi inauua makali. Nilitangaza, nikaufunga utepe, nikauficha nyuma ya redio. Siku ya tatu namkuta Asha anakata nao boksi la kazi ya shule, boksi lile gumu, la mawimbi ndani. "Baba, huu ndio unakata vizuri." Ulikuwa unakata, mwanangu. Ulikuwa. Ndipo nikahamia kisu cha gurudumu, kile chenye wembe wa duara unaoviringika juu ya mkeka wake. Kilitoka mwaka 1979, na kabla ya hapo binadamu walikata mamia ya viraka kwa mkasi, kimoja baada ya kingine, na sijui walibakije na ndoa zao. Kisu hicho kinakata tabaka nne kwa mpigo mmoja. Cha ajabu, kinakata kosa nalo mara nne.

Lakini ngoja niseme ukweli, nisije nikaonekana nalalamika tu.

Kuna kitu kinaitwa pembe kukutana. Viraka vinne, mishono miwili iliyopishana, na pale katikati pembe zote nne zinatakiwa ziguse nukta moja. Siri iko kwenye pasi. Safu hii mikunjo ya mishono unailaza kulia, safu inayofuata unailaza kushoto, na ukiziweka safu uso kwa uso vile vituta vya mishono vinaingiana, unavisikia kwa kidole vikisema "haya, nimefika." Na pasi yenyewe unaikandamiza na kuiinua, huisugui kama unapiga suruali, maana kitambaa kikisuguliwa kinavutika, hasa kilichokatwa mshazari. Wiki nne pembe zangu zilikuwa zinapitana kama watu wenye ugomvi. Halafu jioni moja, bila sababu yoyote, zikakutana. Nne! Nukta moja! Niliita nyumba nzima. Wakaja mbio wakidhani nimejichoma. Wakasimama wanne, wakatazama kitambaa, wakanitazama mimi. "Kimefanya nini?" akauliza shemeji. Nikaonyesha kwa kidole. Akainama, akasema, "Ahaa," ile ahaa ya kumridhisha mgonjwa. Sikujali. Usiku ule niliamka mara mbili kwenda kuitazama ile pembe.

Kupiga bandi, yaani kuzishikiza tabaka tatu kwa muda, sitasimulia kirefu. Unatandaza bitana sakafuni, juu yake pamba, juu yake viraka, unapiga magoti kama mtu aliyeangusha sarafu, unabana pini kila baada ya upana wa kiganja. Saa tatu nzima. Nikasimama na mgongo wangu ukilia, nikauinua mfarishi kwa fahari. Zulia nalo likainuka.

Baada ya hapo ni kuupitisha mzigo wote chini ya shingo ya cherehani, ambayo imetengenezwa kwa kupitisha mguu wa suruali, si godoro. Nusu iko mapajani, nusu begani, shingo yangu imezungushiwa pamba katikati ya joto, na mikono inasukuma. Mama Asha alipita akasema naonekana kama mtu anayemezwa na chatu polepole, kwa hiari yake.

Nilipomaliza pindo, pande zote nne, na zile kona zinazokunjwa zikatoka kali kama bahasha, nilikaa chini. Nikakumbuka kwamba London, katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, kuna mfarishi ulioshonwa Sicily kwenye karne ya 14, na hadi leo watu wanausogelea kuutazama. Nikaona wangu nao una njia. Nikaufua.

Hapo ndipo ninapotakiwa kuwaambia kwamba kitambaa cha pamba kisichofuliwa kabla ya kukatwa hurudi, yaani hupungua, kwa kawaida asilimia 3 hadi 5. Nililisoma hilo siku ya kwanza kabisa. Nikaona ni ushauri wa watu wenye nafasi.

Jana tumeutandika. Nilipanga sentimita 220. Futi imesoma 205. Nimejilaza, nikauvuta hadi kidevuni, vidole vya miguu vikatoka nje vyote kumi, vimejipanga kama vinaangalia mpira. Nikauvuta hadi miguuni, kifua kikabaki uchi. Mama Asha alisimama mlangoni muda mrefu bila kucheka, na hilo nalihesabu kuwa mapenzi. Kisha akasema, "Kwa nini usiongeze safu mbili tu huku chini? Viraka si unavyo."

Viraka ninavyo, mifuko minne. Lakini ili safu iingie, lazima pindo la upande huo litoke, na zile kona mbili nilizokesha nazo.

Sasa ni saa sita usiku. Nani amechukua kifumulio changu?