Na huku Tanga tuna nyimbo zetu za wiki
Ndugu mwandishi, ahsante kwa orodha yako ya nyimbo za wiki, ila taarab umeiruka kabisa! Huku Ngamiani wiki yangu yote ilikuwa ya marehemu Shakila Saidi. "Macho Yanacheka" nimeirudia mpaka wanangu wameishika. Bi Shakila hapigi kelele, analivuta neno taratibu, gitaa linamjibu. Ndiyo, gitaa! Bendi za Black Star na Lucky Star za hapa kwetu zilikuwa mstari wa mbele kuingiza gitaa na besi kwenye taarab.

Jioni nawapa nafasi Simba Wanyika, bendi ya ndugu wawili Wilson na George Kinyonga, vijana wa Tanga waliovuma Nairobi. Magitaa yakianza kupokezana, sufuria naliacha jikoni.

Wiki ijayo mtuwekee japo Shakila mmoja, tafadhali.