Kabla Hujalipia Tuisheni ya GMAT

Nililipia tuisheni ya GMAT, ule mtihani wa kuombea nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya biashara (MBA), ya Jumamosi nane hapa Dar, sitaji wapi. Siku ya kwanza tukagawiwa kabrasha nene, kopi ya kopi, wino umefifia, na mwenye nalo wa kwanza alishajaza majibu kwa penseli. Jumamosi mbili tukachora pembetatu na duara, ya tatu tukasahihisha sarufi ya Kiingereza. Nikiwa kwenye daladala narudi nyumbani, napekua simu, ndipo nikajua kwamba jometri na yale maswali ya kusahihisha sentensi vilishaondolewa. Mtihani mpya ulianza Novemba 2023, na wa zamani ukafungwa mwisho wa Januari 2024. Nilipomuuliza mwalimu akanijibu, "Hesabu ni hesabu tu, dada."

Siyo kweli. Siku hizi kuna sehemu tatu, kila moja dakika 45: hesabu maswali 21, Kiingereza cha kusoma na kupima hoja maswali 23, uchambuzi wa data maswali 20. Alama zinaanzia 205 hadi 805. Mwalimu anayekuambia mwisho ni 800, usimpe hata nauli. Kikokotoo (cha hesabu, si cha mafao, tulieni) kinaruhusiwa kwenye data peke yake.

Na hiyo data ndiyo iliyoniumbua. Chukua swali la namna hii: duka limeuza mashati na suruali, jumla 40, mashati yalikuwa mangapi? Taarifa ya kwanza: mashati ni mara tatu ya suruali. Ya pili: mashati ni mengi kuliko suruali. Mimi mtoto wa shule za kwetu nikakokotoa, nikapata 30, nikaanza kuitafuta 30 kwenye majibu. Haipo! Swali halitaki idadi, linataka useme ni taarifa ipi inatosha kukufikisha kwenye jibu. Ya kwanza inatosha, ya pili haitoshi, basi, songa mbele. Miaka yote tumefundishwa kuonyesha njia na kupigia mstari jibu. Hapa ukimaliza hesabu umepoteza dakika bure.

Ndiyo maana nasema usilipe kwanza. Wenye mtihani wanatoa mitihani miwili ya majaribio bila malipo kwenye tovuti ya mba.com. Kaa na mmoja, zima simu, umalize saa mbili na robo zako, halafu uone unavujia wapi. Mimi nilifanya hivyo nikiwa nimeshalipa. Hesabu yangu haikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa data, na muda: maswali ya mwisho nilibahatisha yote.

Baadaye nikampata kijana mmoja wa kunifundisha kwa saa. Hakuniuliza nataka alama ngapi. Aliniambia, "Lete daftari la maswali uliyokosa." Sikuwa nalo, akanirudisha nyumbani nikaliandike, na siku hiyo hakuchukua hela. Wale wanaokuhakikishia alama kwenye matangazo, soma yale maandishi madogo ya chini. Niliyoyasoma mimi, ukishindwa unaruhusiwa tu kurudia kozi ileile.

Kabrasha lile bado ninalo. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu, analipenda sana kwa jometri.