Gari Lisilochemsha na Karai Mbili za Dagaa

Kirumba yote ilijua sifa ya gari la mzee: halichemshi. Mshale wa joto ulilala chini mwaka mzima, kiangazi na masika, na mwenyewe alilitangaza hilo hata msibani. Kilichomleta gereji ni taa ya njano ya DPF, lile chujio la masizi kwenye ekzosi, pamoja na gari kukosa nguvu. Kilima cha Bugando alikuwa anapitwa na bajaji yenye abiria watatu na gunia la mkaa.

Alishapita kwa wataalamu wawili. Wa kwanza alichomoa sensa akamimina maji ya sabuni ya unga kupitia tundu lake. Wa pili alitaka kukata gamba, kutoa sega la ndani na kulirudisha tupu. Sega hilo ndilo chujio lenyewe: vinjia vyake vimezibwa kwa kupishana, kimoja mbele, kingine nyuma, ili moshi ulazimike kupenya ukutani na masizi yabaki. Ukilitoa, sensa haioni presha yoyote, na kompyuta inakuletea kodi, yaani namba ya hitilafu, P2002 kwamba chujio halifanyi kazi. Unakuwa umehamisha tatizo kutoka kwenye chujio kwenda kwenye mapafu ya jirani.

"Kijana wangu," akasema, "nisafishie chujio tu. Injini haina neno. Haichemshi."

Kabla ya kufuta kodi yoyote, isome na uiandike. Gari lilikuwa na mbili: P2463, masizi yamezidi, na P0128, maji ya injini hayafikii joto linalotakiwa. Hii ya pili, mzee alisema, wataalamu wote wawili waliifuta huku wakicheka. Mwanza na baridi wapi na wapi?

Tukaenda kwenye presha. Swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, sensa ya tofauti ya presha lazima isome sifuri. Ikisoma kitu, mgonjwa ni sensa au waya wake. Ilisoma sifuri. Injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta ilisoma kilopaskali 3, na kwenye mizunguko 2,500 ikapanda hadi 14. Gari na gari hupishana, lakini chujio lenye afya huwa chini ya 1 pale mwanzo, na likivuka 10 kwenye mizunguko hiyo, moshi hauna njia. Mipira miwili inayoileta presha kwenye sensa nikaichomoa na kuipuliza, maana ikipasuka au ikishika maji inadanganya. Ilikuwa mizima, ingawa mmoja ulitoa povu.

Kisha leso nyeupe. Nilimwomba mzee yake, nikaizungushia kidoleni na kufuta ndani ya mdomo wa ekzosi. Ilitoka safi. Chujio lililopasuka au kutobolewa huacha weusi pale. Usafi ule ulimaanisha sega bado ni zima. Mzee aliikagua leso pande zote mbili, akaikunja na kuirudisha mfukoni bila kusema kitu.

Oili nayo ilikuwa kwenye alama yake, na hapo ndipo wengi hupita haraka. Kompyuta ikijaribu kuchoma masizi ili kulisafisha chujio, na kukatishwa kila mara, ile dizeli ya ziada inayopigwa silindani huteremkia kwenye oili, na kipimo hupanda. Hapa hakikupanda. Kompyuta haikuwa inajaribu na kushindwa. Haikuwa imejaribu kabisa.

Tukaendesha hadi uwanja wa ndege na kurudi, macho kwenye joto la maji. 58. Haikusogea. Gari nyingi hazianzi kuchoma masizi kabla maji hayajapita nyuzi 60 au 70, kwa hiyo hili lingeweza kwenda Musoma na kurudi bila kuchoma hata punje.

Nikaikumbuka thamostati, kile kimlango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto.

"Mzee, thamostati iko wapi?"

"Ipo." Akafungua buti, akatoa soksi, na ndani ya soksi thamostati. "Gari lilichemsha mwaka juzi, fundi akaitoa. Alisema hizi ni za nchi za baridi. Nikasema nisiitupe, huwezi kujua."

Tuliazima sufuria kwa mama ntilie, tukaining'iniza thamostati kwa uzi isiguse chini, pamoja na kipimajoto. Ilikuwa imechapwa 82, na kwenye nyuzi 82 ikaanza kufunguka, taratibu, mpaka ikaachama yote karibu na 95. Mama ntilie akauliza kama chuma hicho kinaliwa na wali au ugali. Kwa hiyo thamostati ilikuwa nzima, na ilifungwa soksini bila hatia.

Aliyechemsha gari ni nani, basi? Rejeta. Kati yake na kondensa ya kiyoyozi palikuwa pamejaa wadudu wa ziwani, wale wanaoinuka juu ya maji hadi mgeni anadhani kisiwa kinaungua. Walikuwa wamekauka na kushikana tabaka juu ya tabaka. Waoshwe kwa maji ya kawaida kutoka upande wa injini kwenda nje. Ukitumia presha kubwa, mapezi yanalala na umeziba upya. Wadudu waliziba rejeta, gari likachemsha, fundi akatoa thamostati, injini ikabaki baridi, masizi hayakuungua, na chujio likabeba lawama.

Thamostati ikarudi mahali pake na gasket mpya, maji ya rejeta yakajazwa na hewa kutolewa. Mshale ukapanda hadi katikati, nyuzi 88, ukatulia. Mzee akazima gari kwa kasi ambayo sikuitarajia kwa umri wake. "Linachemsha!"

Ikabaki kuchoma kwa kulazimisha. Masizi yalikuwa mengi, ila bado hayajafika pale ambapo kompyuta inakataa. Inakataa kwa sababu masizi mazito yakishika moto kwa pamoja hupandisha joto mpaka sega linayeyuka. Tenki lilikuwa nusu. Nililiegesha nje, juu ya mwamba mtupu, mkia ukielekea ziwani, mtungi wa kuzimia moto karibu. Nikatoa amri. Mizunguko ikapanda yenyewe hadi 2,000 na ushei.

Mzee kuona gari linakanyaga mafuta bila mtu, akarukia ndani na kushindilia breki. Kwa gari hilo breki hukatisha zoezi. Tukaanza upya, mzee akiwa amekalishwa kwenye kiti cha plastiki, dogo wa gereji akimlinda.

Wote tulimtazama yeye. Hakuna aliyetazama nyuma ya gari, ambako mama mmoja wa dagaa, aliyekosa jua wiki nzima kwa mawingu ya masika, aligundua mwamba wenye joto. Joto kwenye chujio lilikuwa nyuzi 610 niliposikia harufu ya kikaango. Karai mbili za dagaa zilikuwa zimeanikwa vizuri kabisa mbele ya ekzosi, wa mbele wameshageuka kahawia. Paka wanne walikuwa foleni.

Kuzima injini ghafla haikufaa: hewa ikikatika wakati sega linawaka, joto halina pa kwenda. Dogo akachukua fagio na kuwavuta dagaa pembeni huku mama akimpiga kanga mgongoni. Dakika ishirini na tano baadaye mizunguko ikashuka yenyewe. Gari likapoa, likasoma kilopaskali 0.6 likiunguruma na 3 kwenye 2,500. Oili tukaimwaga, kwa kuwa kuchoma huko huiongezea dizeli, tukaweka ya majivu kidogo, daraja la DL-1. Majivu ya oili hayaungui. Yakijaa, kodi ni P242F na dawa ni kuling'oa chujio.

Dagaa nao nikasema wafukiwe, wamekula moshi wa dizeli, hata kuku wasipewe. Mama akapinga kwamba wamekauka vizuri. Mzee akakubali kulipa, na karai mbili, kwa hesabu ya mama, zikawa nne. Alipomaliza kufunga hela kwenye upindo wa kanga, akaizunguka ekzosi mara moja, polepole.

"Mwanangu, hii mnaikodisha kwa saa bei gani?"

Nilikuwa nafungua mdomo, mzee akaniwahi. "Inategemea, mama. Una sado ngapi?"